Matanga ya Injini

Jumatatu, 4 Julai 1955

Baridi! Sakitu imelala juu ya pareto kama chumvi iliyomwagwa. Tumeingia shambani kabla ya jua, tunachuma maua kwa vidole visivyosikia. Kwetu, bondeni kule Ruvuma, mtu akitaka baridi anaingia mtoni, akichoka anatoka. Hapa juu ya Iringa hakuna kutoka.

Nachuma, nachungulia banda la injini. Nachuma, nachungulia. Ndani yuko Kalinga, Mhehe, mtani wangu mimi Mngoni. Amekaa kwenye kigoda, anachoma hindi juu ya kichwa cha injini. Na amevaa koti! Koti la Keya, la askari wa Mwingereza, zito, vifungo vya shaba, kola inafika masikioni. Bwana Kosta, Mgiriki mwenye shamba, alilinunua sokoni Iringa kwa askari mmoja aliyerudi vitani. Akasema ni koti la kazi ya injini. Anayeshika hendeli ndiye anayelivaa. Sasa analivaa Kalinga! Mtu aliyezaliwa ndani ya baridi hii hii! Mimi ninayetoka kwenye joto nina shati moja, na mgongoni lina dirisha.

Injini yenyewe tunaiita Bi Mkubwa, kwa sababu haamki mpaka apende mwenyewe. Ndiye anayesaga mahindi ya posho yetu sote. Asubuhi Kalinga anamchoma kichwa kwa taa ile ya kupuliza moto mpaka chuma kiwe chekundu. Kisha anazungusha hendeli, anatukana, anazungusha, anabembeleza. Leo amewaka jua likiwa limeshapanda. Akasaga kidogo, akakohoa, akaganda hapo hapo na mahindi mdomoni. Kalinga akamwasha tena. Akaganda tena. Posho ya leo ni mahindi mazima ya kuchemsha. Taya zinaniuma mpaka masikioni.

Bwana Kosta alikuja mbio. Akamtazama Bi Mkubwa, akampiga teke, akaumia kidole. Akasema Kigiriki kirefu, halafu Kiswahili kifupi. Amemwita fundi kutoka Mbeya. Mwisho ni Jumamosi. Jumamosi injini ikiwaka vizuri na kuzimika vizuri, yule aliyeiponya ndiye atakuwa mtu wa injini moja kwa moja. Ikikataa, kinu kinafungwa, Kalinga aende kwenye maua, na sote tule mahindi mazima kama punda.

Wenzangu walisikia habari ya mahindi. Mimi nilisikia habari ya koti.

Jumanne, 5 Julai

Jana jioni nilimwendea nyapara wetu, Timotheo. Ni Mbena, mtu wa kanisa, mpole, mzito wa kukataa jambo. Nikamwambia kwamba mimi Joachim nilisomea injini misheni. Si uongo kamili. Bradha wa misheni alipokuwa akitengeneza pampu ya maji mimi nilimshikia taa. Mara moja niliiangusha. Timotheo akaniuliza kama nina hakika. Nikasema injini naijua kama kiganja changu. Sikumwonyesha kiganja, kimepasuka chote.

Akaniruhusu nimsaidie Kalinga. Kalinga akacheka, akasema karibu mtani, njoo ujifunze kwa watu.

Ugonjwa niliutambua upesi. Bi Mkubwa anaona baridi! Kama mimi! Angelala na joto lake la jioni, asubuhi angeamka bila matata. Nikaenda kuchukua blanketi langu, nikamfunika vizuri mpaka kwenye gurudumu. Mimi nikalala chini ya gunia.

Leo asubuhi nimefika nikitetemeka, lakini kwa furaha. Blanketi limekunywa oili yote iliyovuja. Sasa si blanketi, ni utambi. Haidhuru. Kalinga akachoma kichwa, akanipa hendeli kwa heshima, akasema msomi aanze.

Nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Akawaka! Mara ya kwanza! Pu, pu, pu! Nikarusha hendeli juu nikapiga kelele kama bwana harusi.

Halafu tukaona gurudumu. Linazunguka kinyumenyume.

Mimi ni wa kushoto. Hakuna aliyeniambia kwamba injini ina mkono wake. Kumbe hii ukiizungusha huku inakwenda huku, ukiizungusha kule inakwenda kule, wala haioni haya. Mkanda ukarudi nyuma, kinu kikarudi nyuma, na badala ya unga kutoka chini, mahindi yakaanza kuruka juu kutoka kwenye mdomo wa kinu. Apolonia, mke wa Timotheo, alikuwa ameinama na ungo wake. Yamempiga usoni. Akauliza kwa sauti ya shamba zima kama huyu Mngoni amekuja kusaga au kuwarudishia watu mahindi yao.

Kalinga alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hilo si kosa, mtani, ni ukoo. Babu zako walipowaona Wahehe walikwenda vivyo hivyo, kinyumenyume, mpaka Songea.

Sikuweza kukasirika. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria. Nikamwuliza tu mbwa wa Bwana Kosta amepotelea wapi, maana simwoni tangu Jumapili, na Kalinga amenenepa. Watu wakacheka kidogo. Hawakucheka kama walivyocheka mambo ya babu zangu.

Kisha Bi Mkubwa akakohoa, akaganda.

Jumatano, 6 Julai

Nimepata akili! Nimeipata nikiwa nimeinama kwenye maua, pua inachuruzika.

Nilikuwa nimekosea njia. Nilitaka kumponya Bi Mkubwa. Kwa nini nimponye? Acha afe! Maana mtu akifa kwa Wahehe, nani anaingia nyumbani bila hodi? Mtani Mngoni. Nani anachukua nguo ya marehemu, akaivaa, akatembea nayo mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumnyang'anya mpaka mtani mwenyewe aridhike? Mtani Mngoni! Na hapa shambani Mngoni ni mmoja. Ni mimi.

Basi nikangoja. Leo akawaka kwa shida, akasaga debe moja, akatoa moshi mweusi, akanyamaza. Kalinga alivua koti ili azungushe hendeli, akalitundika msumarini. Akazungusha. Kimya. Akazungusha. Kimya.

Nikachota jivu, nikajimwagia kichwani, nikaingia bandani nikilia kwa sauti ya juu. Mama yangu wee! Bi Mkubwa ametuacha! Mtani, pole, umebaki yatima! Nikamkumbatia Kalinga. Nikaligusa gurudumu, nikasema tayari limepoa. Nikalitoa koti msumarini, nikalivaa, nikafunga vifungo vyote.

Kalinga akanyoosha mkono kulifuata koti. Akaurudisha. Angefanya nini? Sheria ni sheria. Akakaa chini, akafunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika. Sijui kama alikuwa analia.

Wanawake waliokuja na ungo wakaitikia. Apolonia ana sauti, jamani! Akaanza kumsifu marehemu: mwanamke aliyelisha shamba zima, mzito wa mwili, mwepesi wa hasira, aliyependa kuvuta moshi. Wachumaji wakasikia kilio wakaweka vikapu chini. Wakaja mmoja mmoja, wanaume wakakaa huku, wanawake kule. Moto ukawashwa. Mtu akaleta mahindi ya kuchoma. Timotheo akaja kuuliza kuna nini. Akaambiwa. Akautazama moto, akaitazama sakitu iliyobaki kwenye maua. Akavua kofia, akakaa.

Koti! Lina joto kama mkate uliotoka sasa hivi jikoni. Mfukoni kuna tumbaku. Nimezunguka matanga yote nikiwasalimu watu, mikono nyuma, kama karani wa boma.

Bwana Kosta akatokea. Akaona watu wote wa shamba wamekaa na maua yamesimama peke yake. Akavua helmeti yake polepole, akauliza nani amekufa. Timotheo akajibu kwamba ni injini. Bwana akauliza tena, taratibu, kama anayesema na mgonjwa. Timotheo akajibu taratibu zaidi kwamba ni injini, na kwamba desturi haimruhusu mtu kuchuma maua wakati maiti iko ndani haijazikwa.

Bwana Kosta alirudisha helmeti kichwani, akaivua, akairudisha. Akawa mwekundu, halafu mweupe. Watu wakamtazama kwa huruma, kama mfiwa. Mwishoni akapiga kelele kwamba basi izikwe! Kesho! Ichimbiwe shimo, izikwe, halafu kila mtu arudi kwenye maua! Akaondoka akisema peke yake.

Watu wakakubaliana kwamba amesema jambo la maana.

Nalala ndani ya koti.

Jumamosi imekaribia, na mtu wa injini ni yule aliye ndani ya koti. Au sivyo?

Alhamisi, 7 Julai

Sivyo.

Asubuhi nimeamka na joto mpaka kwenye kucha. Nikatoka nje nijioneshe. Nikakuta Apolonia ananingoja na ndoo, na Timotheo ananingoja na sururu. Nikauliza vya nini. Wakashangaa. Nani anaosha maiti ya Mhehe, wakauliza, kama si mtani? Nani anachimba kaburi? Umevaa nguo ya marehemu, umekula mahindi ya matanga. Utaacha kazi ya mtani afanye nani?

Nikasema nilifikiri ni mzaha. Wakasema ndiyo, utani ni mzaha, shika sururu.

Kalinga alikuwa ameshatandikiwa mkeka mlangoni mwa banda. Anapokea rambirambi. Watu wanainama, wanampa pole, wanamwekea viazi na maharage. Akaniambia kwa sauti ya mfiwa kwamba nimwoshe marehemu kwa upole, hasa mgongoni, maana alikuwa analalamika mgongo. Na nisisahau masikio.

Nikaosha. Kwa mafuta ya taa, maana Bi Mkubwa hakuzoea maji. Watu wamekaa mlangoni wananiongoza, na kila mmoja amejua kuosha ghafla. Apolonia akasema maiti huoshwa ndani na nje, nisifikiri nitawadanganya. Nikafungua kila kinachofunguka. Nikafungua tangi. Yakatoka maji! Maji na matope na chura mmoja, mzima, ambaye alitutazama akaenda zake. Nikafungua bomba dogo linaloshuka kutoka tangini. Limejaa uchafu mgumu, nikausukuma kwa kijiti mpaka ukatoka kama kizibo. Nikafungua pua, pale anapovutia hewa. Ndani nyigu wamejenga nyumba ya udongo, vyumba na sebule. Nikabomoa. Nikasugua, nikafuta, nikarudisha kila kitu mahali pake ili marehemu asizikwe na viungo vilivyopotea. Apolonia akakagua, akasema kwa kweli amependeza. Akamshonea sanda ya magunia ya pareto.

Halafu kaburi. Pembeni mwa banda, chini ni mwamba! Bi Mkubwa ni mnene kuliko fahali. Nimechimba jua lote. Shamba zima limekaa karibu na moto, linakula, linasimulia hadithi, na mtu mmoja tu anafanya kazi. Ni mimi. Tena ndani ya koti, kwa sababu nikilivua Kalinga atalichukua. Jasho! Nimekuja huku nalia baridi, leo nimelia joto.

Kalinga alisogea ukingoni, akatazama ndani, akasema upana bado. Akauliza kama Wangoni wote huchimba hivi au ni mimi tu niliyesomea misheni.

Ijumaa, 8 Julai

Siku mbaya. Naiandika upesi niimalize.

Fundi wa Mbeya amefika. Isakwisa, Mnyakyusa, ana tai na sanduku la bisibisi. Lori lililomleta liliharibika Igawa, amekaa huko barabarani akila mihogo, amefika mwekundu wa vumbi mpaka kope. Akakuta nini? Injini imevikwa sanda. Pembeni kaburi. Mwanamume mmoja kwenye mkeka analetewa uji. Mwingine ndani ya shimo amevaa koti la jeshi.

Akauliza. Tukamwambia. Hakucheka hata kidogo. Akasema kwao Rungwe msiba mkubwa huchezewa ngoma, na mgeni hawezi kuingia kwa wafiwa mikono mitupu. Akaweka sanduku chini, akacheza. Vizuri sana, na tai yake! Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Kosta alikuwa amesimama nyuma, ameshika kichwa.

Baada ya kucheza Isakwisa akafunua sanda, akatazama, akagonga hapa na hapa. Akachoma kichwa. Akashika hendeli, mkono wa kulia, nikaona. Akazungusha mara moja.

Pu! Pu! Pu! Pu!

Marehemu ameamka! Akiwa na sanda! Wanawake wakakimbia kuelekea kwenye maua. Uji ukamwagika. Timotheo, mtu wa kanisa, alirudi nyuma huku akifanya ishara ya msalaba ambayo si ya kanisa lake, akaanguka kaburini. Bi Mkubwa akaendelea kupiga kama ngoma, sawasawa, hakohoi, hagandi. Isakwisa akafunga koki ya mafuta. Akazimika, taratibu, kama mtu aliyesinzia. Akamwasha tena. Akawaka. Akamzima. Akazimika.

Bwana Kosta akataka kumbusu. Isakwisa akamzuia, akasema mimi sikufanya kitu, Bwana. Injini hii ilikuwa na maji tangini na uchafu kwenye bomba na nyigu puani. Kuna mtu ameshaisafisha yote. Huyo ndiye aliyeiponya. Ni nani?

Hapa ndipo nilipokuwa nimesimama! Mita chache tu! Mlango uko wazi!

Lakini dakika hiyo hiyo Bwana Kosta alikuwa ametoka kuuliza, macho mekundu, ni mpumbavu gani aliyeanzisha matanga yaliyomnyima maua, ili amtimue mpaka Ipogolo kwa miguu. Nikawaza haraka. Aliyeosha ni mtani. Aliyeanzisha matanga ni mtani. Nikisema nimeosha, nimejitaja. Kabla sijamaliza kuwaza, kidole changu kilishanyooka chenyewe, na mdomo wangu ukasema: ni Kalinga, Bwana! Kalinga ndiye aliyefungua kila kitu! Mimi sijagusa hata msumari!

Apolonia akanitazama kama anayetazama mtu anayetia chumvi kwenye chai. Timotheo, ndani ya shimo, akakohoa. Kalinga akainuka mkekani polepole. Akanitazama, akamtazama Bwana, akavua kofia, akasema kwa unyenyekevu kwamba alijitahidi tu.

Bwana akampa mkono. Akasema kesho, mbele ya watu wote, akiwasha na kuzima bila matata, kazi ni yake mpaka azeeke.

Kisha Kalinga akaja kwangu, akanyoosha mkono mwingine. Mtani, akasema, marehemu amefufuka. Anaomba nguo zake.

Nikavua. Kifungo kwa kifungo.

Jumamosi, 9 Julai

Leo sitaandika kwa maringo. Nitaandika yaliyotokea.

Alfajiri niliamka chini ya gunia, na jambo moja linanichoma. Nilimponya mimi, nikaficha. Kosa ni kuficha! Leo nitafanya jambo kubwa, na nitalitangaza mwenyewe kwa sauti kabla mtu mwingine hajalipokea.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Juzi, nilipokuwa nimeinama kumwosha, niliona tumbo la Bi Mkubwa lina alama, na oili haifiki hata nusu ya tumbo. Nusu! Wamemnyima chakula, halafu wanashangaa anazimia! Mimi mwenyewe najua kazi ya tumbo nusu. Nikaingia bandani kabla Kalinga hajafika, nikachukua debe la oili, nikamnywesha. Akanywa. Nikaongeza. Akanywa. Nikamjaza mpaka shingoni.

Watu walipokusanyika, Bwana Kosta mbele, amevaa helmeti safi, nikasimama juu ya kifusi cha kaburi. Nikasema Bwana, na nyinyi jamaa, mkiona leo Bi Mkubwa ana nguvu, mjue kwamba amelishwa na Joachim! Si Kalinga! Mimi, peke yangu, debe zima! Shahidi ni Mungu! Watu wote wakasikia. Nilihakikisha wamesikia. Nilisema mara ya pili.

Isakwisa, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake akingoja lori la kurudi Mbeya, aligeuza kichwa. Akauliza debe la nini.

Lakini Kalinga alikuwa ameshazungusha. Akawaka! Na nguvu ambayo hatujawahi kuiona! Unga ukamwagika kama mvua, Apolonia akashindwa kukinga. Watu wakashangilia. Mimi nikainua mikono. Bwana Kosta akatabasamu, akamwambia Kalinga basi, zima.

Kalinga akafunga koki.

Bi Mkubwa hakuzimika.

Kalinga akaifunga tena, kwa mikono miwili. Bi Mkubwa akaongeza mwendo. Isakwisa akapiga kelele kwamba anakula oili yake mwenyewe, koki haina habari naye tena! Pu pu pu ikawa trrrrr. Bati za banda zikaanza kucheza. Moshi mweupe ukatufunika. Mkanda ukakatika, ukapita juu ya vichwa vyetu ukavuma kama koboko, ukaondoka na helmeti ya Bwana Kosta. Bi Mkubwa mwenyewe akaanza kuruka pale alipofungwa, anaelekea mlangoni. Kinu, posho, kazi, kila kitu kilikuwa kinatetemeka kwenye boliti nne!

Isakwisa akasema zibeni pua! Asipopata hewa atakufa! Leteni nguo nzito!

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Na mbele yangu, msumarini, lilining'inia koti.

Nataka niandike kweli. Nililitazama. Nikavua shati langu, nikalibandika puani mwake. Akalivuta lote, fyuu, likatoka upande wa pili majivu. Nikakimbia, nikaleta blanketi langu lile la oili. Akalipenda sana! Akalivuta, akapiga mbio zaidi! Isakwisa akanitukana kwa Kinyakyusa. Bado sijaligusa koti. Nikatafuta gunia. Nikatafuta ungo wa Apolonia. Bwana Kosta akanipigia kelele: koti! koti! koti! Mikono ikanikatalia.

Kalinga ndiye aliyelitoa msumarini. Hakulitazama hata mara moja. Akalikunja, akalisukuma puani kwa bega lake, akaliegemea kwa mwili wote. Bi Mkubwa akalivuta. Tukasikia vifungo vya shaba vikiingia kimoja kimoja, kra, kra, kra. Kola ikaingia. Mkono mmoja ukaingia. Halafu akakwama. Akahema. Akatoa mlio kama ng'ombe, kitu kikapasuka ndani, akasimama.

Unga ulikuwa bado unashuka polepole juu ya watu wote.

Bwana Kosta, kichwa wazi, mweupe kama mzimu, akauliza nani aliyetia oili.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshawatangazia mwenyewe, mara mbili.

Jumapili, 10 Julai

Tumetoka kusali. Upepo mkali. Ninaandika bandani.

Hukumu ni hii. Isakwisa amesema kichwa cha Bi Mkubwa kimepasuka, kingine kitatoka Ulaya kwa meli. Mpaka meli ifike, kinu kimefungwa. Posho ni mahindi mazima. Watu hawanisalimu, wanatafuna tu wakinitazama. Apolonia peke yake ndiye aliyesema nami. Aliniomba nimtafunie hindi moja, kwa kuwa meno yake yameshafanya zamu yangu.

Kalinga kesho anaingia kwenye maua. Bila koti. Nilidhani atanipiga. Akanitazama akaanza kucheka, akacheka mpaka akanishika bega asianguke. Akasema mtani, marehemu wetu wa kwanza alifufuka, huyu wa pili umemuua kweli. Hana wasiwasi, baridi ni ya kwao. Ananidai msiba mmoja, akasema, na siku yangu ikifika atachimba yeye, tena kwa upana unaofaa.

Na mimi? Bwana Kosta alisema kama injini naipenda hivyo, basi nibaki nayo. Mchana na usiku. Niilinde isiibiwe hata msumari mpaka kichwa kifike kutoka Ulaya. Na shimo nililochimba nilifukie.

Kwa hiyo nimeshinda! Mtu wa injini ni mimi! Kigoda ni changu. Ila injini haina moto, na hakuna kitu chenye baridi kama chuma kisicho na moto ndani ya bati katika upepo wa Iringa. Kwenye maua angalau mtu anainama na kuinuka. Kutoka puani mwa Bi Mkubwa nimefanikiwa kuvuta mkono mmoja wa koti, mzima, una kifungo kimoja. Nimeuvaa kwenye mguu, ndipo ulipoenea vizuri.

Jioni hii dereva wa Bwana Kosta, Jailos, amepita hapa. Ana glovu za ngozi. Na kofia yenye masikio! Ya manyoya! Analalamika kwamba siku hizi gari la Bwana asubuhi linakataa kuwaka, na Bwana ameanza kumtazama vibaya.

Nimemwambia asiwe na shaka, mimi magari nilisomea. Funguo ameniachia mpaka asubuhi. Na gari hilo sihitaji hata kulifungua, ugonjwa wake nimeujua kwa kulisikia tu.

Hawalishibishi oili.